Kuivisha Spitfire MH434 rangi yake ya Agosti 1943

Mchana napuliza rangi magari kwenye gereji pale Gerezani, Dar es Salaam. Usiku, watoto wakishalala, napaka rangi ndege za kivita. Ndege zenyewe zimo ndani ya kompyuta, kwenye simuleta ya DCS World, mchezo wa kurusha ndege, lakini maswali ni yaleyale ya gereji: bodi hii ilipakwa rangi gani, lini, kwa mkono wa nani, na tangu siku hiyo imekutana na nini? Vijana wananiandikia wakitaka kujua skini inatengenezwaje, yaani lile vazi la rangi, herufi na alama ambalo ndege huvishwa. Nimeona niandike mara moja kwa kirefu, nikiwa na ndege moja mkononi.

Ndege hiyo ni Spitfire Mk IX, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, yenye namba MH434. Ilitengenezwa kiwanda cha Castle Bromwich, Uingereza, na mwezi Agosti 1943 Alex Henshaw, rubani wa majaribio wa kiwanda hicho, akairusha kwa mara ya kwanza. Ikapelekwa kikosi cha 222 pale Hornchurch, mashariki ya London, ikaandikwa herufi ZD-B, ZD ya kikosi na B ya ndege yenyewe. Rubani aliyeiendesha sana siku zile alikuwa Henry Lardner-Burke wa Afrika Kusini. Tarehe 27 Agosti, wakisindikiza ndege za mabomu za Wamarekani kwenda Saint-Omer, kaskazini ya Ufaransa, akaangusha ndege moja ya kivita ya Kijerumani, Focke-Wulf 190. Ndege hiyo mpaka leo inaruka, na makao yake ni uwanja wa Duxford, Uingereza.

Andika tarehe kwanza

Kabla hujafungua programu yoyote ya kuchora, chukua karatasi uandike namba ya ndege na tarehe. Karatasi yangu inasema MH434, 27/8/1943, nayo bado imebandikwa pembeni ya skrini.

Tarehe hiyo ndiyo itakayokuamulia mambo mengi. Skini yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya Spitfire ya mwaka 1943, nami nikaichora ile mistari mipana myeusi na myeupe kwenye mabawa na kiunoni, kwa kuwa kila picha niliyowahi kuiona ilikuwa nayo. Mzee mmoja aliyekuwa akifuatilia kazi za watu akaniandikia kwa adabu kabisa: mwanangu, mistari hiyo ilipakwa Juni 1944, ili meli na askari wa Washirika waliokuwa wakivuka kwenda Normandy wasizipige ndege zao wenyewe. Nilikuwa nimeivisha ndege alama ya mwaka ambao haujafika. Nikaiondoa siku ileile, na tangu hapo tarehe inaandikwa kabla ya kitu chochote.

Kwa Agosti 1943, ndege ya kivita ya mchana ya Uingereza ilikuwa na mkanda wa rangi iitwayo Sky (maziwa yenye kijani kidogo) kiunoni karibu na mkia, kofia ya propela ya rangi hiyohiyo, na ukanda wa njano kwenye ukingo wa mbele wa bawa, kuanzia nje ya mzinga mpaka karibu na ncha. Januari 1945 ndege zilizokuwa Ulaya bara ziliamriwa kufuta mkanda huo na kupaka kofia nyeusi. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha ya Spitfire yenye kofia nyeusi na kiuno kisicho na mkanda, usiichanganye na yako. Inatoka wakati mwingine wa vita.

Tarehe inakuambia pia umri wa ndege. MH434 siku ile ilikuwa na wiki chache tu tangu itoke kiwandani. Jambo hilo liweke akilini, tutalirudia tukifika kwenye uchakavu.

Jambo moja la kwetu, kwa kuwa huwa linanigusa. Wiki moja kabla, tarehe 20 Agosti 1943, Catalina, ndege za doria zinazotua majini, za vikosi vya 259 na 265 zilizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini ya Madagaska. Kikosi hicho cha 259 kiliundwa upya Kipevu, Mombasa, mapema mwaka huo, na Septemba kikahamia hapa Dar es Salaam. Siku nitakapopata simuleta yenye Catalina inayorushwa na mchezaji, hiyo ndiyo karatasi itakayofuata ukutani kwangu.

Picha za zamani na picha za leo

Ukitafuta MH434 kwenye intaneti utapata maelfu ya picha za rangi, safi, kila upande. Ni picha za maonyesho ya siku hizi. Baada ya vita ndege hiyo ilinunuliwa na Waholanzi, ikatumika Indonesia, ikaenda Ubelgiji, kisha ikarudi Uingereza kwenye miaka ya 1950. Nikisugua kwa msasa mlango wa gari la mwaka 1990, naona rangi tatu au nne zimelaliana chini. Ndege ya miaka themanini ni zaidi ya hapo. Rangi unayoiona Duxford ni ya mafundi walioikarabati. Wameifanya vizuri sana, lakini ni kazi yao, na ina mng'ao wa rangi za siku hizi.

Picha hizo zina kazi yake. Zitumie kujua mistari ya maungio ya mabati, mpangilio wa riveti, vifuniko vya kujazia mafuta, na mahali maandishi madogo ya mafundi yanapokaa. Rangi na herufi zitoe kwenye picha za vita.

Picha hizo utazipata kwenye mkusanyiko wa Imperial War Museums, ambao sehemu kubwa unatazamika mtandaoni. Habari za kila siku za kikosi zimo kwenye daftari za operesheni zilizohifadhiwa The National Archives, Kew, kwenye fungu la AIR 27. Humo kuna fomu inayoonyesha namba ya ndege, rubani, saa ya kuruka na saa ya kutua. Mara nyingi daftari haliandiki herufi ya ndege, linaandika namba tu, kwa hiyo ni lazima upate picha au kitabu cha rubani kinachounganisha namba na herufi. Wengi huteleza hapo: wanapata namba ya kweli na herufi ya kweli, za ndege mbili tofauti.

Sasa sikiliza kuhusu picha nyeusi na nyeupe, maana hapa ndipo watu hupotea wakaona wamegundua rangi mpya. Filamu za wakati ule hazikuwa za aina moja. Filamu ya panikromatiki iliona rangi zote, lakini ile ya ortokromatiki haikuiona nyekundu. Kwenye ortokromatiki, nyekundu hutoka karibu nyeusi, njano nayo hukolea sana, na buluu hutoka nyepesi isivyotarajiwa. Njia ya kupima iko palepale kwenye ndege. Tazama lile duara la ubavuni, ambalo lina nyekundu katikati, halafu pete nyembamba nyeupe, halafu buluu, halafu pete ya njano kwa nje. Ukiona pete ya nje ni nyeusi kama lami na buluu imefifia, ujue hiyo ni ortokromatiki, na kila kijivu unachokitazama kwenye picha hiyo kimepindishwa. Ukiona pete ya nje inang'aa karibu kama nyeupe, hapo unaweza kuanza kulinganisha kijani na kijivu. Mimi kila picha ninayoihifadhi naipa jina linaloanza na o au p, nisije nikasahau.

Kupima kwa inchi

Waingereza walipaka kwa inchi, nawe pima kwa inchi. Pakua kiolezo cha Spitfire, yaani picha ya ngozi ya ndege iliyotandazwa bapa, kile chenye matabaka ya riveti, mistari ya mabati na vivuli, ukifungue kwa GIMP au Photoshop. Mimi natumia GIMP, haina malipo na inahifadhi faili za DDS, aina ya picha inayotumiwa na mchezo, bila nyongeza yoyote.

Kwanza tafuta kipimo. Mabawa ya Spitfire yenye ncha kamili, kutoka ncha hadi ncha, ni futi 36 na inchi 10, yaani inchi 442. Nusu yake ni inchi 221. Tuseme kwenye kiolezo chako nusu hiyo, kuanzia mstari wa katikati wa ndege, inachukua pikseli 1,768. Gawanya kwa 221, unapata pikseli 8 kwa kila inchi. Kuanzia hapo kila kitu kina ukubwa wake wa haki. Duara la ubavuni la inchi 36 linakuwa pikseli 288. Ndani yake buluu ni inchi 32, nyeupe 16, nyekundu 12, kwa hiyo ile pete ya njano ni inchi 2 tu kila upande, pikseli 16. Watu wengi huichora nene kupita kiasi. Kibendera cha mkiani ni inchi 24 kwa 24: nyekundu 11, nyeupe 2, buluu 11. Mkanda wa Sky ni inchi 18. Namba ya ndege, MH434, ni nyeusi, kimo inchi 8, upana wa kila herufi inchi 5, unene wa mstari inchi 1. Duara la juu ya bawa halina nyeupe wala njano, ni buluu na nyekundu tu, na kipenyo cha nyekundu ni sehemu mbili kwa tano za kipenyo chote. Chini ya bawa kuna nyeupe, njano hakuna.

Usichukue kipimo cha bawa ukakipeleka ubavuni hivihivi. Waliotengeneza modeli huweza kulipa bawa pikseli nyingi na mkia pikseli chache. Pima kila kipande peke yake, kwa kitu unachokijua urefu wake. Ubavu pia umepinda, kwa hiyo duara la mviringo kamili kwenye kiolezo linaweza kutoka kama yai kwenye ndege. Weka mraba wenye miraba midogo ndani yake, uitazame ndege kwa ubavu kwenye programu ya kutazamia modeli, urekebishe mpaka miraba ikae sawa, ndipo ulete duara.

Kipimo hichohicho kinafanya kazi kwenye picha ya zamani. Duara la ubavuni ndiyo rula yako. Likiwa na pikseli 180 kwenye picha, na herufi iliyo jirani yake ina kimo cha pikseli 120, basi herufi hiyo ni inchi 24. Pima herufi zilizo karibu na duara tu. Zilizo mbali zimepunguzwa na mtazamo wa kamera.

Rangi

Tangu Agosti 1941 ndege za kivita za mchana za Uingereza zilipakwa juu kijani cha Dark Green na kijivu cha Ocean Grey, na chini kijivu chepesi cha Medium Sea Grey. Kabla ya hapo juu kulikuwa na kijani na kahawia, rangi za mashamba. Mapigano yalipopanda juu zaidi na kuhamia baharini kuelekea Ufaransa, kahawia ikawa inamwonyesha rubani badala ya kumficha. Amri ilipotoka, Ocean Grey yenyewe ilikuwa bado haijatosha, kwa hiyo vikosi viliambiwa vichanganye vyenyewe: sehemu saba za Medium Sea Grey kwa sehemu moja ya nyeusi. Nilipolisoma hilo nilienda kazini nikachanganya kikombe kimoja cha rangi ya gari kwa kipimo hicho, nikakipuliza kwenye kipande cha bati, nikakipeleka nje saa sita mchana. Ilitoka kijivu imara, yenye ubaridi. Kile kipande ninacho mpaka leo, na kimenisaidia kuliko jedwali lolote la namba za rangi.

Kwa MH434 huhitaji mchanganyiko huo, maana kufikia 1943 kiwanda kilipaka Ocean Grey halisi. Tafuta kadi za rangi za kipimo cha Uingereza cha BS 381C: Dark Green ni 641, Ocean Grey ni 629, Medium Sea Grey ni 637, na Sky ni 210. Ukitengeneza ndege ya Kijerumani utatafuta namba za rangi za RLM, wizara ya anga ya Ujerumani, na ya Kimarekani za wakati ule za ANA, orodha ya pamoja ya jeshi la nchi kavu na la majini. Zishike kadi mchana wa jua, usizitazame chini ya taa ya nyumbani, kisha rekebisha rangi kwenye skrini. Skrini yenyewe punguza mwanga na uondoe ile hali ya usiku inayogeuza kila kitu kuwa njano. Niliwahi kupaka Sky nzima nikiwa nimeisahau hali hiyo, ikatoka kijani kama embe bichi.

Sky si buluu ya angani, licha ya jina. Ni rangi ya maziwa yaliyotiwa kijani kidogo sana. Nyaraka zikisema Sky Type S, herufi S inahusu uso laini wa rangi. Usitafute aina nyingine ya Sky.

Ruwaza ya kijani na kijivu ilichorwa kwa amri, na mchoro wake rasmi unapatikana. Mwanzoni mwa vita ziliwekwa mbili, A na B, zikitazamana kama mtu na kioo. Fuata mchoro, halafu linganisha na picha mahali mstari unapokatiza kitu kinachojulikana, kama mlango wa rubani au kioo cha mbele. Ukingo kati ya rangi mbili uwe na ulaini kidogo, inchi moja hivi. Ukiweka makali kama ya tepu, kwa mbali ndege itaonekana imebandikwa stika.

Kitu kimoja cha simuleta: nyeupe usiipeleke mpaka mwisho wala nyeusi usiifikishe sifuri. Mwanga wa mchezo wenyewe unaongeza na kupunguza. Nyeupe yangu ya duara iko karibu 205 kati ya 255, na nyeusi ya namba iko karibu 35. Vivuli vizito usivichore kabisa, mchezo unaleta vyake, na ukivichora wewe kutakuwa na vivuli viwili, kimoja kisichosogea jua likisogea.

Herufi

Sehemu hii naipenda kuliko zote. Kabla ya kushika mashine ya kupulizia nilikuwa naandika majina kwenye mashua na kwenye migongo ya malori, kwa brashi. Herufi za kikosi nazo ziliandikwa hivyo, na fundi wa kikosi, kwa chaki na brashi au stensili ya nyumbani, ndege ikiwa imesimama uwanjani. Kwa hiyo usitafute fonti ya RAF, jeshi la anga la Uingereza. Kila kikosi kilikuwa na mkono wake.

Leta picha bora uliyonayo, inyooshe mpaka duara liwe mviringo kamili, kisha fuata herufi kwa zana ya njia, pointi kwa pointi. Usinyooshe kile ambacho fundi hakukinyoosha. Mtu anayeandika kwa brashi huanza na mstari wa kusimama, na huo ndio mnyoofu. Matumbo ya B anayafanya baadaye, kwa jicho, na ndipo mkono wake unapojulikana: tumbo la chini kubwa kidogo, mshono wa katikati uliopanda au kushuka. Z nayo, ule mstari wa mshazari huwa mgumu, brashi ikifika kona inaacha ncha ya mviringo badala ya kona kali. Ukizifuata ncha hizo kama zilivyo, herufi itakaa kwenye ndege kana kwamba rangi yake bado inanuka.

Herufi za kikosi ni za rangi ya Sky, ambayo ni nyepesi na imepakwa juu ya kijani kilichokolea. Yeyote aliyewahi kupaka njano juu ya nyeusi anajua inavyokuwa: mkono mmoja hautoshi. Tengeneza tabaka la herufi lenye ukolezo wa asilimia 95 hivi, kisha juu yake michirizi myembamba sana ya brashi inayofuata mkondo wa herufi. Usiizidishe. Mtazamaji asiione, aihisi tu.

Usigeuze upande wa kushoto ukaufanya wa kulia. Kwenye kila ubavu mafundi waliandika upya, na nafasi kati ya herufi na duara hutofautiana. Tafuta picha ya kila upande.

Uchakavu wenye sababu

Sasa turudi kwenye umri. Nimeona skini za ndege ya wiki tatu zimechubuliwa kama daladala la miaka ishirini. Kila mkwaruzo unaouchora, jiulize nani aliuweka.

Njoo karibu na bawa la kushoto, pale linapoungana na ubavu. Mlango wa rubani wa Spitfire uko kushoto. Rubani anapanda hapo, fundi anayemfunga mikanda anasimama hapo, anayesafisha kioo anasimama hapo, wote na buti zenye udongo wa uwanjani. Kwa hiyo kushoto paka vumbi la kahawia, ung'ao uliosuguliwa, na michubuko michache midogo kwenye ukingo wa bati. Bawa la kulia lipe kama theluthi ya hayo. Mtu akizunguka ndege yako bila kujua sababu, bado ataamini.

Vifuniko vya injini vilikuwa vikifunguliwa kila mara, kwa hiyo michubuko ikae kwenye skrubu za kufungia na kwenye kingo, katikati ya bati pabaki pazima. Bodi ya Spitfire ni ya aluminiamu, basi palipochubuka panang'aa fedha iliyofifia. Kutu usiweke, aluminiamu haitoi kutu nyekundu. Usukani wa mkia na elevata zake, zile bawaba za kupandisha na kushusha pua, wakati huo zilivikwa kitambaa kilichokazwa kwa dopu, aina ya vanishi. Kitambaa hakichubuki kikatoa fedha. Kosa hili ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko yote, hata kwenye kazi za watu hodari: usukani wa kitambaa una mikwaruzo ya chuma. Pale weka kufifia na uchafu tu.

Moshi wa ekzosi ndio unaoipa ndege uhai. Unaanza kwenye zile bomba za ubavuni, unarudi nyuma kufuata upepo, unapita juu ya maungio ya bawa. Petroli yao ilikuwa na madini ya risasi, kwa hiyo katikati ya doa moshi hutoka kijivu au kahawia hafifu, na weusi hubaki pembezoni. Ukipaka moshi mweusi mtupu, umepaka dizeli. Tumia brashi kubwa laini, ukolezo wa asilimia tano, pitisha mara nyingi kuelekea nyuma, kisha futa kidogo mahali bati moja linapoingia chini ya jingine, kwa kuwa upepo hukatika hapo.

Matundu ya bunduki ndogo kwenye bawa yalifunikwa kwa viraka vya kitambaa vilivyopakwa dopu nyekundu, kuzuia uchafu na baridi ya juu. Risasi ya kwanza huvipasua. Ukitengeneza ndege kabla ya kuruka, viraka viwe vizima na chini ya bawa pawe safi. Ukitengeneza ndege iliyorudi kutoka Saint-Omer baada ya Lardner-Burke kufyatua, viraka vimepasuka na chini ya bawa kuna masizi yanayorudi nyuma kutoka kwenye matundu ya maganda ya risasi. Mimi nilichagua kabla ya kuruka.

Faili

Hapa ni pa kupita haraka. Kwenye DCS skini inakaa kwenye folda yako ya Saved Games, ndani ya DCS, kisha Liveries, kisha SpitfireLFMkIX. Ile yenye mabawa yaliyokatwa ncha ina folda yake, na MH434 haihusiki nayo. Tengeneza folda mpya humo, uipe jina bila alama za ajabu. Ndani yake ziwepo picha zako na faili moja la maandishi liitwalo description.lua. Usiliandike kutoka mwanzo. Nakili la skini iliyokuja na mchezo, badilisha majina ya picha. Kila mstari wa picha unaishia na neno true au false: false maana yake picha imo kwenye folda yako, true maana yake mchezo utumie ya kwake. Ndege ikitokea haina rangi au ina rangi ya kiwanda, tatizo liko hapo au kwenye jina la faili ulilokosea herufi moja.

Hifadhi picha kwa DDS, pikseli 4,096 kwa 4,096, pamoja na mipmapu, zile nakala ndogondogo zinazotumika ndege ikiwa mbali. Bila hizo riveti zitametameta vibaya. Picha isiyo na uwazi ihifadhi kwa mfinyo wa DXT1, ambayo ni kama MB 8 kabla ya mipmapu. DXT5 ni mara mbili yake. Kwa anayepakua kwa bando la simu, tofauti hiyo ni kubwa.

Picha ya pili muhimu ni ile ya RoughMet, inayouambia mchezo uso unang'aa vipi. Chaneli nyekundu ni vivuli vya kwenye mifereji, kijani ni ukavu wa uso, buluu ni uchuma. Rangi ya ndege haina uchuma, kwa hiyo buluu iwe nyeusi isipokuwa palipochubuka. Masizi yapandishe kijani, mafuta yaliyovuja yaishushe. Watu hutengeneza rangi nzuri ajabu kisha wanaiacha RoughMet ya kiwanda, na michubuko yao inabaki kuwa madoa ya kijivu yasiyoakisi jua.

Kujaribu

Paki ndege uwanjani kwenye mchezo, tazama saa kumi na mbili asubuhi, saa sita, na siku ya mawingu. Kisha tafuta pembe ileile ya picha yako ya mwaka 1943, piga picha ya skrini, iondoe rangi ibaki kijivu, uilaze juu ya picha ya zamani kwa ukolezo wa nusu. Washa na kuzima tabaka. Makosa yataruka yenyewe: herufi iliyosogea nusu inchi, mkanda uliokaa mbele mno, kijivu kilichozidi weupe. MH434 yangu ilipitia zoezi hilo mara kumi na moja, na mara ya tisa ndipo nilipoona kwamba kibendera cha mkiani nilikuwa nimekiweka nyekundu nyuma. Nyekundu inatangulia mbele, pande zote mbili.

Kabla ya kufunga zipu, ongeza faili dogo la maandishi. Gawanya sehemu tatu: vilivyotoka kwenye picha, vilivyotoka kwenye amri za rangi, na vilivyotoka kwenye jicho langu. Andika humo tarehe ya ndege na tarehe ya kazi yako. Faili la GIMP lenye matabaka yote lihifadhi sehemu mbili, na kila tabaka ulipe jina linaloeleweka, herufi kushoto, herufi kulia, moshi, buti. Picha mpya ya zamani ikijitokeza, iwe ya kutoka sandukuni kwa mjukuu wa fundi fulani au kwenye mkusanyiko wa makumbusho, utafungua tabaka moja tu, utarekebisha, na utaongeza mstari kwenye lile faili dogo.